Zichane Zikiwa Mbichi

Mwanaume akikuambia nywele zake ni ngumu, muulize anazichana saa ngapi. Jibu halibadiliki: asubuhi, zikiwa kavu, dakika mbili kabla ya kutoka, kwa kitana cha meno membamba alichokikuta bafuni. Anavuta, anakunja uso, kitana kinalia ka-ka-ka, na kwenye sinki vinabaki vipande vya nywele. Viokote uvitazame kwenye mwanga. Unywele ulioachia wenyewe kichwani huwa na kidoa cheupe upande wa mzizi. Hivi havina. Vimekatika katikati. Baada ya miezi kadhaa bwana huyo huyo analalamika kwamba nywele zake hazikui.

Zinakua. Nywele za kichwani hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, na zetu za kipilipili mara nyingi huwa pungufu kidogo ya hapo. Shida ni kwamba huku zinaota, kule zinakatika, na urefu unabaki palepale. Ukiniuliza mimi, kufuga nywele ni kazi ya kuzuia zisikatike, basi. Zile chupa za kukuza nywele zinazopangwa kwenye meza za Kariakoo nazipita bila kusimama.

Chanzo ni umbo. Unywele ulionyooka ukiukata na kuutazama kwa hadubini unakaribia duara. Wetu ni bapa, na umeanza kujikunja tangu ndani ya ngozi. Kila kona ya mkunjo ni mahali dhaifu. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa yenyewe huteremka kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, lakini kwenye mikunjo yetu yanaishia njiani, kwa hiyo ncha, ambazo ndizo kongwe kuliko sehemu nyingine, hukaa kavu. Na kuna jambo ambalo wanaume wengi hawajaambiwa: nywele zilizonyooka zikilowa huwa ngumu zaidi kuchana, zetu ni kinyume chake. Zikilowa, chanuo linapita kwa nguvu kidogo sana.

Dada zetu wanalijua hili bila kusoma popote. Wamelelewa kwenye mkeka, kichwa katikati ya magoti ya msusi, wakisikia kila neno linalosemwa kuhusu nywele na kuhusu majirani. Sisi tulipelekwa kwa kinyozi, tukarudi vipara, elimu ikaishia hapo. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyatoa kwa dada yangu mkubwa, ambaye amesuka vichwa tangu akiwa shuleni na hana subira na mwanaume anayejidai anajua.

Naosha mara moja kwa wiki, siku ambayo sina haraka. Usiku wa kuamkia siku hiyo napaka mafuta ya nazi, hasa kwenye ncha. Mafuta ya nazi ni miongoni mwa mafuta machache yanayopenya ndani ya unywele badala ya kukaa juu yake tu, na yakiwa ndani hupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Ndiyo maana nayapaka kabla ya maji. Yale ya kupikwa nyumbani kutoka kwenye tui yanafaa kabisa, mradi muuzaji awe mtu unayemwamini.

Asubuhi nagawa kichwa mafungu manne, kila fungu nalisokota na kulibana. Shampuu inakwenda kwenye ngozi ya kichwa, kwa ncha za vidole, kucha hazihusiki. Povu linaloteremka linatosha kusafisha nywele zenyewe. Sabuni ya kipande iachie nguo, kwa sababu ukali wake hufungua magamba ya juu ya unywele, kisha nywele zinakwaruzana na kushikana.

Halafu kondishena, na hapa ndipo pa kutumia muda wako wote. Nafungua fungu moja, nalilowesha mpaka maji yanadondoka, napaka kondishena hadi nywele ziteleze vidoleni. Vidole ndivyo vinavyotangulia. Unapapasa taratibu, na ukikutana na fundo huvuti. Unazishika nywele juu ya fundo, upande wa kichwani, ili ngozi isiumie, kisha unalilegeza kuanzia chini, uzi mmoja mmoja. Vidole vikishapita, ndipo chanuo, nalo linaanzia nchani. Linashuka sentimita mbili tatu za mwisho, linapanda juu kidogo, linashuka tena, hivyo hivyo mpaka lifike kwenye ngozi. Dada yangu ana swali moja kwa kila anayeanzia juu: “Unalisukuma fundo liende wapi, mdogo wangu?” Na ni kweli, ukianzia juu unayakusanya mafundo yote na kuyaleta chini yawe fundo moja ambalo dawa yake ni mkasi.

Chanuo liwe la meno mapana. La mti ni zuri, na pwani hii yamechongwa tangu zamani, lakini la plastiki halina ubaya ukilikagua. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa jino. Mengi ya bei rahisi yana mshono mwembamba pale pande mbili za kalibu zilipokutana, na mshono huo unaukwangua unywele kila unapopita. Nakagua machanuo namna hiyo mbele ya wauzaji. Wengine wanacheka, wengine wananiuliza kama nafanya kazi TBS.

Maji nayo yana mambo yake. Sehemu nyingi za Dar es Salaam tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, ambamo shampuu haitoi povu la maana na nywele zikikauka zinabaki na ukakasi. Sina ujanja mkubwa hapa. Naosha kwa hayo hayo, ila suuzo la mwisho ni ndoo ndogo ya maji baridi yasiyo na chumvi, ya bomba yakiwepo, ya mvua wakati wa masika, baada ya kuiacha mvua ioshe bati kwanza ndipo nikinge.

Zikiwa bado mbichi napaka mafuta kidogo, kiasi cha kung'arisha viganja. Mafuta hayaloweshi nywele. Kazi yake ni kuyachelewesha maji yaliyomo yasitoke upesi. Kwa hiyo kupaka mafuta ya mgando kwenye nywele kavu asubuhi ni kufunga mlango wa nyumba isiyo na mtu, na vumbi la barabarani linapata pa kunata. (Wazee waliopaka kalikiti miaka ya 80 watakueleza zaidi kuhusu mafuta na kola za mashati.) Katikati ya wiki natumia chupa ya kupulizia yenye maji na kondishena kidogo. Mafuta ya nyonyo ni mazito, yanafaa ncha na ndevu. Anayekuambia yanaotesha nywele kwenye upara ana chupa ya kuuza.

Mba ni habari tofauti. Watu wanaona ngozi inabanduka, wanadhani ni ukavu, wanamimina mafuta. Fangasi wanaochangia mba hula mafuta hayo hayo. Ulizia duka la dawa shampuu yenye ketokonazoli, ipake kwenye ngozi, iache dakika 3 hadi 5 ndipo usuuze, kisha urudishe unyevu kwenye nywele kwa kondishena yako, kwa kuwa shampuu hiyo inakausha.

Mitindo sasa. Maji huvunja vifungo vidogo ndani ya unywele, na vifungo hivyo hujifunga upya unapokauka, kwa umbo lolote ulilonalo wakati huo. Siri yote ya misokoto ni hiyo. Nasokota nywele mbichi, nyuzi mbili mbili, zenye unene wa kidole cha mwisho, naziacha zikauke kabisa, kisha nazifumua kwa vidole vilivyopakwa mafuta. Ukifumua zikiwa na unyevu hata kidogo, umepoteza jioni nzima. Afro inayotoka hapo huwa ndefu na laini kuliko ile ya kuchana tu. Ila jasho na hewa ya Dar navyo ni maji: unaondoka Mbagala na Afro ndefu, unafika Posta imerudi nusu. Dodoma, kwenye hewa kavu, mtindo uleule unadumu, lakini nywele zinadai maji mara nyingi zaidi. Nikiwa na safari ya daladala au siku ya joto kali siifumui misokoto, natoka nayo.

Usiku, foronya ya pamba hunyonya unyevu na kukwaruza. Kitambaa cha satini kichwani kinamaliza shida, na shemeji zako wakikucheka ni siku mbili tu. Kitambaa hicho hicho nakunja mfukoni kwa ajili ya kofia ngumu ya bodaboda, ambayo kabla yako imevaliwa na vichwa usivyovijua, na sponji ya ndani imeloa jasho lao. Navaa kitambaa kwanza, kofia juu yake. Kofia yenyewe usiikatae kwa sababu ya nywele.

Ukiamua kusuka, jihadhari na panja. Nywele za pale ni nyembamba, na zikivutwa kwa muda mrefu mizizi huchoka, mwishowe hazirudi. Ukimaliza kusukwa ukaona vipele vidogo kando ya mistari, au huwezi kukunja uso bila kuumia, rudi zilegezwe siku hiyo hiyo. Msusi mzuri hachukii kuambiwa. Anayesema kuumia ndiyo uzuri, mpe hela yake umuage.

Maneno ya watu utayapata, mimi ya kwangu yanatoka kwa mama mdogo. Kila kikao cha familia: “Baba, utanyoa lini tukutambue?” Namjibu nikishaoa, tunacheka, tunaendelea kula. Ofisini ni vigumu zaidi, na shuleni hakuna mjadala, ni kipara, ingawa kwa jirani Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2019 iliamua kwamba shule ilikosea kumfukuza msichana wa Kirastafari kwa sababu ya dredi zake. Nilichogundua ni kwamba wanaolalamika wengi wanalalamikia nywele zisizo na umbo. Kingo zikichongwa vizuri, nusu ya hoja inakufa.

Kwa hiyo kinyozi bado unamhitaji, na mazungumzo naye yafanyike kabla hajawasha mashine. Mwambie unataka kupunguza pembeni, juu aache. Mwonyeshe kwa kidole mwisho wa nywele upo wapi pajini, maana wengine kila wiki wanausogeza nyuma ili mstari unyooke, na baada ya mwaka una uso mkubwa usioujua. Tazama meno ya mashine. Yakiwa na nywele za mteja aliyetangulia, muombe ayapige brashi kisha spiriti. Kile kisanduku chenye taa ya bluu hakisafishi kilichofunikwa na uchafu.

Na kisogoni asikunyoe sifuri. Nywele zetu zikikatwa usawa wa ngozi, ncha kali zinajikunja na kuchoma ngozi zinakotokea. Kidevuni ndivyo vipele vya wembe. Kisogoni kuna ugonjwa unaofanana na hivyo ambao huwapata zaidi wanaume weusi: vipele vigumu vinavyowasha, ambavyo baadaye huungana kuwa kovu nene lisilootesha nywele. Kunyoa chini sana, kola inayosugua na kujikuna huvichochea. Vikianza, acha wembe na mashine sehemu hiyo, usivitumbue, usivipake spiriti kila wiki ukidhani unavikausha. Nenda kwa daktari wa ngozi vikiwa bado vidogo, kwa sababu vikiwa vidogo dawa za kupaka husaidia, na vikishakuwa kovu kubwa mara nyingine ni upasuaji. Walio kaskazini wana bahati ya kuwa karibu na kituo cha KCMC pale Moshi, kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Kwingine, anzia hospitali ya mkoa na uombe rufaa.