Pima Mapendekezo ya Duka la Mtandaoni Kabla ya Kuyafuata

Ukifungua Amazon au Jumia, bidhaa zinazokupokea huenda zisiwe zile anazoziona jirani yako. Duka limekuchagulia. Mara nyingine linapatia hadi mtu anashuku simu inasikiliza mazungumzo yake. Mara nyingine linamletea bibi kizee viatu vya mpira vya kijana wa shule. Kupatia na kukosea huko kuna chanzo kimoja, na anayekijua hununua kwa utulivu zaidi.

Tangu 1998 Amazon imetumia mbinu ya kulinganisha bidhaa kwa bidhaa, ambayo wataalamu wake Greg Linden, Brent Smith na Jeremy York waliieleza hadharani mwaka 2003. Kompyuta haihangaiki kumtafuta mteja anayefanana nawe. Inatazama bidhaa gani hununuliwa na watu walewale. Wengi walionunua kamera walinunua pia kadi ya kuhifadhia picha na mkoba wake, basi ukiweka kamera kwenye kikapu, hivyo viwili vitakufuata. Moyo wako haumo katika hesabu hiyo. Kilichomo ni vile akaunti yako ilivyobofya na kununua, na vile waliofanya kama wewe walivyoendelea kununua.

Ndiyo maana duka hukisia vizuri vitu vinavyoambatana, kama wino wa printa, kava la simu au kitabu kinachofuata katika mfululizo. Kwa friji hukosea: umeshanunua, nalo linakuletea friji nyingine. Hukosea pia kwa bidhaa mpya au yenye wanunuzi wachache, na hapa wasomaji wa Kiswahili tunaumia, kwa kuwa kitabu kizuri kilichonunuliwa na watu wachache hakina nyayo za kutosha za kukifikisha kwako. Kitabu cha namna hiyo kitafute mwenyewe kwa jina. Kukisia ladha ya mtu ni kazi ngumu hata kwa wenye fedha na takwimu: mwaka 2006 Netflix, wanaoonyesha filamu, waliahidi dola milioni 1 kwa atakayeboresha usahihi wa makisio yao kwa asilimia 10. Walitoa alama zaidi ya milioni 100 walizopewa na watazamaji, na bado mshindi alipatikana 2009.

Ili kujua duka lako linakukisia vipi, chukua mapendekezo kumi ya mwanzo. Kwanza yaondoe yote yenye alama ya kudhaminiwa. Hayo ni matangazo. Muuzaji amelipa yawekwe mbele yako, ingawa yamepangwa sawasawa na mengine na alama yake ni maandishi madogo. Kwa yaliyobaki, jiulize: ningekitafuta kitu hiki hata kama kisingeletwa? Kama jibu ni ndiyo, duka limekupunguzia kutafuta tu. Pendekezo lenye thamani ni lile la kitu usichokijua na chenye kazi nyumbani kwako. Duka lenyewe hujipima kwa mauzo, kwa hiyo pendekezo linaweza kuwa zuri kwake na bado likawa bovu kwa mfuko wako. Kisha fungua dirisha la faragha la kivinjari, usiingie kwenye akaunti, utafute bidhaa ileile. Linganisha majibu, na ulinganishe bei na duka jingine.

Baada ya kupima, safisha. Amazon ina ukurasa wa historia ya bidhaa ulizotazama: unaweza kuondoa moja moja au kuizima yote. Unaweza pia kulizuia duka lisitumie bidhaa fulani uliyonunua kukukisia, jambo la lazima ukimnunulia mtu zawadi. Kwa duka lisilo na nafasi hiyo, tazama bidhaa bila kuingia kwenye akaunti, uingie tu unapolipa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni simu ya familia. Baba, mama na watoto wakitafuta kwa akaunti moja, duka huona mtu mmoja mwenye ladha za watu wanne. Makisio yataharibika, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba aliyetafuta kipimo cha mimba au dawa ya maradhi anayoyaficha anaweza kuumbuliwa na ukurasa wa mbele, mbele ya wanawe. Kila mtu mzima awe na akaunti yake, na mambo ya afya yatafutwe kwenye dirisha la faragha.

Sheria nazo zipo upande wako. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinatumikaje na kupinga zisitumike kukutangazia biashara. Walioko Ulaya wana zaidi: majukwaa makubwa sana, Amazon ikiwamo, yanatakiwa kuwapa watumiaji chaguo la mapendekezo yasiyotokana na mwenendo wao. Litafute kwenye mipangilio.

Ukiingia dukani leo, andika kwanza kile ulichokijia, soma maoni ya walionunua, ndipo utazame duka limekuletea nini. Na kabla ya kumpa mtoto simu, futa historia.