JE, KILA MBAPTISTI NI MKALVINI?

Andiko: Matendo 18:9-11

Jumapili mbili zilizopita nilisema hapa madhabahuni kwamba Wabaptisti ni watu wa Calvin, ndiyo maana hawahangaikii waliopotea. Baada ya ibada dada mmoja akanifuata nje. Mama yake ni Mbaptisti. "Pasta, mama huamka saa kumi alfajiri kumwombea kaka yangu mlevi. Huko si kuhangaika?" Nilikosa jibu. Nimerudi kusoma, na leo najisahihisha.

Mbaptisti hujulikana kwanza kwa ubatizo: anayeingia majini ni yule aliyeamini mwenyewe, na kanisa ni ushirika wa watu kama hao. Hapo sisi Wapentekoste tuko nao. Calvin, yeye, alibatiza watoto wachanga! Kwa hiyo mtu aweza kuwa Mbaptisti asimfuate Calvin. John Smyth na Thomas Helwys, Waingereza waliokimbilia Amsterdam, walianza kanisa lao mwaka wa 1609, na walishika kwamba Kristo aliwafia watu wote. Miaka kama thelathini hivi baadaye, London, likatokea kundi la pili lililofuata mafundisho ya Calvin: Mungu amewachagua walio wake tangu awali, na hao ndio Kristo aliowafia. Makanisa saba ya kundi hilo yalitoa ungamo lao la imani mwaka wa 1644. Wote ni Wabaptisti, na ubishi wao haujaisha.

Nililolilaumu mimi lilikuwepo kweli. Katika karne ya 18, wahubiri fulani wa kundi la pili walifika mahali pa kukataa kumwita mwenye dhambi aamini, eti labda si mteule. Lakini aliyewapinga alikuwa mwenzao. Andrew Fuller aliandika kitabu mwaka wa 1785 akionyesha kwamba kila asikiaye Injili ana wajibu wa kuamini, basi mhubiri amwite kila mtu. Mwaka wa 1792, mjini Kettering, yeye na William Carey na wenzao wakaunda chama cha kupeleka Injili kwa mataifa. Mwaka uliofuata Carey, aliyewahi kuwa fundi viatu, akaenda India na hakurudi kwao tena. Mkalvini huyo! Nasi tunaojiita watu wa moto, jirani wa plot moja hatujamwambia neno.

Bado sikubaliani nao juu ya wale Kristo aliowafia. 1 Timotheo 2:3-6 inanizuia. Ila someni andiko letu. Bwana alimwambia Paulo kule Korintho asinyamaze, kwa kuwa ana watu wengi mjini mle. Hakumpa orodha ya majina. Paulo akakaa mwaka mmoja na nusu akifundisha yeyote aliyekuja.

Jumanne nilienda kwa yule mama kuomba msamaha. Akacheka, akasema huyo Calvin hamjui. Akanionyesha daftari lake la maombi, jina la kijana wake juu kabisa, kisha akaniuliza kama nami ninalo daftari, niliandike.