SOMO LA AFYA: CHAKULA CHA MWENZETU ANAYETIBIWA SARATANI



Mgonjwa wa saratani, awe anakaa Area 47 mjini Lilongwe au Dzaleka wilayani Dowa, dawa atapewa hospitalini. Chakula ni kazi yetu sisi wa nyumbani na wa kazini.

Dawa za saratani huua seli za ugonjwa, lakini huumiza pia seli nzima za kinywa, tumbo na damu. Mwili huzijenga upya kwa chakula. Mgonjwa akikonda mno, daktari huenda akalazimika kupunguza dawa au kuiahirisha, na ugonjwa ukapata nafasi. Wanaoshauri mgonjwa ashinde njaa ili saratani ife wanapotosha: anayedhoofika ni mgonjwa.

Basi tufanye haya:

1. Ale kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Akiwa na kichefuchefu, apewe chakula kilichopoa, kisicho na harufu kali.

2. Nsima tupu haitoshi. Iende na maharage, yai au usipa. Uji uwe wa likuni phala: vikombe 4 vya mahindi kwa kikombe 1 cha soya iliyokaangwa vizuri, visagwe pamoja. Ongeza mafuta kidogo au karanga zilizosagwa. Karanga zenye ukungu zitupwe. Sumu yake huleta saratani ya ini.

3. Kinywa kikiwa na vidonda, aache pilipili na ndimu. Ale parachichi, ndizi mbivu na uji.

4. Kinga yake hushuka. Mpishi anawe mikono, maji ya kunywa yachemshwe, yai liive kabisa, viporo asipewe. Homa ikifika nyuzi 38, apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

5. Akiharisha, anywe maji safi lita 1 yaliyotiwa sukari vijiko 6 vya chai na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazishwa.

6. Asinywe mitishamba kabla ya kumwuliza daktari. Mingine hupingana na dawa.

Ndugu, asiyeweza kufika kazini mara nyingi hukosa mshahara, na sufuria hupungua wakati ule ule mwili unapodai zaidi. Kwa hiyo tunaomba kila tawi lijue wagonjwa wake na lipange zamu: wiki hii mayai, wiki ijayo soya na mafuta, na mtu wa kumsindikiza siku ya dawa. Mchango wa kila mmoja ni mdogo, lakini unaweza kumfikisha mwenzetu mwisho wa matibabu.