Mvule

Umekwisha kujifunza kwamba katika msitu wa mvua miti haina kimo kimoja. Iko midogo iishiyo kivulini, na iko mikubwa ambayo vilele vyake hutokeza juu ya mingine yote. Mvule ni mmoja wa hiyo mikubwa. Huota katika nchi nyingi za Afrika zenye joto na mvua, kuanzia Guinea-Bissau upande wa magharibi hadi Msumbiji upande wa mashariki. Nchini Tanzania huonekana katika miteremko ya chini ya milima ya Usambara na katika misitu ya pwani. Nchini Uganda hujulikana sana Busoga, na huko mara nyingi husimama peke yake katikati ya shamba, kwa sababu mkulima alipofyeka msitu aliuacha. Jina lake la kitaalamu ni Milicia excelsa. Ukikuta kitabu cha zamani kinachoutaja Chlorophora excelsa, ujue ni mti huo huo.

Umbo lake

Mvule uliokomaa waweza kufikia kimo cha meta 50, yaani kama minazi miwili mirefu iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine. Shina lake limenyoka, na mara nyingi halina tawi hata moja mpaka meta 20 kutoka ardhini. Majani ya mti mkubwa yana kingo zisizo na meno. Majani ya mche ni tofauti: yana meno kama ya msumeno, na ukiyapapasa yanakwaruza. Kwa hiyo watu wengi huung'oa mche wa mvule pamoja na magugu, pasipo kujua kwamba ni mtoto wa mti ule ule wanaopumzika chini yake.

Chuma jani moja ulitazame kikonyo chake. Utaona utomvu mweupe ukitoka. (Usilikate shina, jani moja latosha.) Mfenesi, mkuyu na mforosadi nayo hutoa utomvu kama huo, kwa kuwa miti hii yote ni ya ukoo mmoja.

Maua na mbegu

Bila shaka waujua mpapai dume, ambao hutoa maua lakini hauzai. Mivule nayo iko hivyo: mmoja ni dume, mwingine ni jike. Chavua huchukuliwa na upepo kutoka kwa dume hadi kwa jike. Basi, mivule yote ya jirani ikikatwa na kubakizwa mmoja tu, mti huo waweza kusimama miaka mingi bila kuzaa mbegu hata moja iliyo nzima.

Tunda la mvule hufanana na kiwavi mnene, nalo hubaki la kijani hata likiiva. Je, mnyama atalitambuaje? Mlaji wake mkubwa ni popo. Yeye hutafuta chakula usiku, na hufuata harufu kuliko rangi. Hula matunda, kisha huruka mbali na kudondosha mbegu pamoja na kinyesi. Mbegu iliyoanguka kwenye kivuli kizito haifanikiwi. Ile iliyoangukia mahali penye uwazi, kwa mfano pale ulipoanguka mti mkuukuu, hupata mwanga na kuota.

Mbao

Mbao ya mvule ikipasuliwa huwa na rangi ya manjano, na baadaye hugeuka kahawia. Mchwa hawaipendi, na kuvu haiiozeshi upesi, kwa sababu sehemu ya ndani ya shina ina kemikali zinazoilinda. Ndiyo maana hutumika kwa milango, fremu za madirisha, samani na vyombo vya majini. Seremala anayeipiga randa afunike pua, kwa maana vumbi lake huwasha.

Jiwe ndani ya mti

Waulize mafundi wa mbao watakueleza jambo la ajabu. Wakati mwingine msumeno hugonga jiwe ndani ya gogo la mvule, meno yake yakavunjika. Jiwe hilo halikuingizwa na mtu. Limefanyika humo humo, nalo ni kalsiamu kabonati, kama gamba la yai.

Jaribio: Tia kipande cha gamba la yai katika bilauri yenye siki. Tazama mapovu. Hayo ni hewa ya kabonidayoksaidi. Ukipata jiwe la mvule, lijaribu vivyo hivyo, na uandike ulichokiona.

Kaboni hiyo ilitoka wapi? Ilitoka hewani. Mti uliivuta kwa majani yake, ukatengeneza chembe za chumvi iitwayo kalsiamu oksalati. Majani na magome yakianguka na kuoza, bakteria hula chembe hizo na kuzigeuza kuwa kalsiamu kabonati. Mwaka 2004 wanasayansi walioichunguza mivule ya Kodivaa walieleza kwamba kaboni iliyokwisha kuwa jiwe hubaki udongoni muda mrefu sana, hata baada ya mti wenyewe kufa.

Kwa nini mivule haipandwi kama misonobari?

Huenda umejiuliza: ikiwa mbao yake ni nzuri hivi, mbona hatuoni mashamba makubwa ya mivule? Watu wamejaribu, na mara nyingi wameshindwa. Yuko mdudu mdogo sana aitwaye Phytolyma. Hutaga mayai yake kwenye machipukizi ya mche. Tunutu wake hupenya ndani, na chipukizi huvimba. Uvimbe ukipasuka kuvu huingia, na ncha ya mche hufa. Miche ikipandwa mistari kwa mistari juani, mdudu huyu hupita kutoka mmoja hadi mwingine bila taabu. Ikichanganywa na miti ya aina nyingine, penye kivuli chepesi, hushambuliwa kidogo zaidi. Nayo ikisalimika hukua polepole: aliyeupanda mvule akiwa kijana huenda asiuone ukipasuliwa mbao.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya jani la mche wa mvule na jani la mti mkubwa.
2. Mivule dume yote ya kijiji fulani imekatwa. Eleza yatakayoupata mvule jike uliobaki.
3. Watu wamewafukuza popo wote katika msitu. Je, jambo hili litaidhuru mivule? Toa sababu.
4. Shule yako imepewa miche 30 ya mvule. Chora ramani ya kiwanja uonyeshe mtaipanda wapi, na kando yake mtapanda miti gani mingine.