Somo la Bustani: Chainizi Kando ya Nyumba

Katika toleo hili tujifunze kilimo cha chainizi. Wengi wetu tuliotoka Fizi na Uvira tulizoea sombe na lengalenga. Mboga hii yenye vikonyo vyeupe na vipana tumeijulia hapa Tanzania. Tunaipenda kwa kuwa inawahi. Ukipanda leo, baada ya wiki tano hivi unaanza kuchuma, na ugali na maharage vinapata majani ambayo watoto wanayahitaji kwa vitamini A na C.

Hapa Kasulu jua si kali kama kule kando ya Ziwa Tanganyika, nayo chainizi hupenda hivyo. Adui yake ni joto pamoja na kiu. Sisi tulijifunza kwa hasara. Kiangazi kimoja tulimwaga pakiti nzima ya mbegu kwenye tuta moja, zikaota kama nywele, tukaona huruma kuzipunguza. Maji tulimwagilia siku tulizopata nafasi bombani tu. Miche ikiwa bado na kimo cha kiganja ikatoa maua ya manjano, majani yakawa machungu. Watoto waliobeba zile ndoo hawakula kitu. Kumbe chainizi ikibanana na kukaukiwa hukimbilia kuzaa mbegu.

Kwa hiyo panda kidogo kidogo. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri. Mbichi huunguza miche, tena huleta magonjwa ya tumbo. Chora mstari, fukia mbegu kina cha sentimita 1. Huota kati ya siku 4 na 7. Miche ikipata majani matatu, ing'oe mpaka ibaki nafasi ya sentimita 20 kati ya mmoja na mwingine. Ile uliyong'oa pika, usitupe. Baada ya wiki mbili panda mstari wa pili.

Mizizi yake haishuki sana, ndiyo maana maji kidogo kila jioni yanafaa kuliko ndoo tatu kwa mara moja halafu wiki nzima kavu. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Maji uliyooshea mboga yanafaa, ya kufulia usiyatumie. Jua likizidi, simika vijiti uezeke nyasi juu yake. Asiye na nafasi ya tuta atumie gunia la udongo.

Asubuhi geuza majani utazame chini yake. Viwavi wadogo wa kijani waue kwa vidole. Tuta lililotoa chainizi au kabichi, zamu inayofuata lipande maharage au lengalenga, maana magonjwa ya jamii moja hubaki udongoni.

Chuma majani ya nje, acha moyo uendelee. Usipike mpaka yalainike kama sombe; dakika chache zinatosha. Siku ukiona shina la maua linachomoza katikati, ng'oa mmea wote jioni hiyo hiyo. Shina hilo likiwa changa nalo huliwa.