SOMO: KUSOMA KIINGEREZA KWA KUELEWA – TATIZO KWANZA, MCHEZO BAADAYE



Katika Matendo ya Mitume 8:26–31, Filipo alimsikia towashi wa Kushi akisoma kitabu cha nabii Isaya, akamwuliza kama anaelewa. Yule mtu alikuwa msomi, lakini alikiri kwamba hawezi kuelewa pasipo mtu wa kumwongoza. Filipo akakaribishwa garini, akaketi pamoja naye.

Hali hiyo tunaikuta katika shule za Musoma, Bunda na Butiama. Nilimsikiliza mwanafunzi wa darasa la saba akisoma aya ya Kiingereza bila kukwama. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili alichosoma, alinyamaza. Mtoto kama huyu akiingia kidato cha kwanza atafundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza. Asipoelewa anachosoma, atakosa pia Baiolojia na Jiografia.

Tatizo kwanza

Ufundishaji unaoanza na tatizo ulipata umaarufu kutoka chuo cha udaktari cha McMaster, Kanada, mwaka 1969. Wanafunzi walipewa habari za mgonjwa, kisha wakatafuta maarifa ya kumsaidia. Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule imwandae mtoto kufikiri na kuishi vema katika jamii yake.

Mfano wa kipindi kimoja:

1. Mwalimu anaeleza tatizo: mtoto anaharisha; nyumbani kuna paketi moja ya ORS na jagi la nusu lita. Tufanyeje?

2. Anaandika ubaoni kwa Kiingereza chepesi: paketi nzima ichanganywe na lita moja ya maji safi na salama, mtoto anyweshwe kidogo kidogo, yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe.

3. Wanafunzi wanne wanne wanasoma na kujadiliana, hata kwa Kiswahili.

4. Kila kundi linatoa jibu na kuonyesha sentensi inayolithibitisha.

Jibu ni kupima maji kwa jagi mara mbili. Anayepima mara moja atampa mgonjwa maji yenye chumvi nyingi mno, na hiyo ni hatari. Hapo mtoto anaona mwenyewe kwa nini kuelewa ni muhimu.

Mchezo baadaye

Michezo ya kujifunzia kwenye kishikwambi humwezesha mtoto kurudia maneno bila kuchekwa na kujua papo hapo kama amekosea. Mkoani Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liliwapa vishikwambi watoto karibu 3,000 katika vijiji 170, wajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Vilichajiwa kwa umeme wa jua. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu.

Ni habari njema, lakini wengi walikuwa bado hawajaweza, na hiyo ilikuwa kwa Kiswahili. Tena katika mchezo mtoto anaweza kubonyeza kwa kubahatisha mpaka apate. Kwa hiyo mwalimu amwulize kila mara: "Umejuaje?"

Maswali kwa kamati

- Je, shule jirani ina vishikwambi tayari? Baada ya Sensa ya mwaka 2022 Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu. Anzeni kwa kumwona mwalimu mkuu.
- Je, programu inafanya kazi bila intaneti? Nani atachaji na kutunza vifaa?
- Nani ataketi na watoto na kuwauliza maswali?

Kwa wafadhili wetu: mkipokea ombi la vifaa lisilo na fungu la semina ya walimu, turudishieni tulirekebishe. Kwa sharika: msisubiri vifaa. Ubao, chaki na tatizo moja la kweli vinatosha kuanza juma lijalo.

Towashi alikuwa na kitabu tayari mkononi. Alichokosa ni mtu wa kuketi naye. Je, katika usharika wako nani atapanda gari hilo?

Mungu awabariki.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi