Jina la Isidori

Soma: Kutoka 2:1–10, Yeremia 20:1–6, Matendo 18:24–28.

Mfikirie kijana kutoka bara anayefanya kazi hotelini Mji Mkongwe, Unguja. Wazazi wake walimwita Isidori, jina la babu yake mzaa mama. Katika darasa la ubatizo mshiriki mmoja anamwambia kwamba jina hilo ni la kipagani, na sharti alibadili kabla ya kushuka majini. Kijana yuko tayari. Lakini mama yake, huko nyumbani, ataona kwamba kanisa limemfuta marehemu baba yake.

Mshiriki huyo hakosei kuhusu asili. Isidori ni jina la Kigiriki, zawadi ya Isis, na Isis alikuwa mungu mke wa Misri. Ila akianza kupekua majina, hataishia hapo. Musa, jina linaloitwa katika kila mtaa wa Unguja, kwa Mwislamu na kwa Mkristo, limeelezwa na Biblia kwa neno la Kiebrania la kutoa majini. Hata hivyo binti Farao alikuwa Mmisri, na wataalamu wengi husikia humo neno la Kimisri la kuzaliwa, lile lililomo katika majina ya wafalme: Thutmose, yaani Thoth amezaliwa, na Ramesesi, Ra amemzaa. Katika Musa, jina la mungu halimo. Limebaki lile neno la kuzaliwa peke yake. Na ni mtu huyo aliyekabidhiwa mbao za amri kumi!

Pashuri naye alikuwa kuhani katika nyumba ya Bwana, na jina lake laelekea kumaanisha mwana wa Horus. Yeremia alimpa jina jipya, la kutisha. Lini? Kesho yake, baada ya Pashuri kumpiga nabii na kumtia katika mkatale. Horus hatajwi.

Apolo wa Iskanderia, mji wa Misri, aliitwa kwa jina la mungu wa Wagiriki, ambaye wao walimlinganisha na Horus. Priskila na Akila walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, maana aliujua ubatizo wa Yohana tu. Mafundisho yake yalirekebishwa. Jina lake likabaki Apolo, na Paulo akaendelea kuliandika.

Unguja yenyewe yajua uzito wa kubadilishiwa jina. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Wengi waliopita utumwani walipewa majina na mabwana zao, kisha mengine walipobatizwa katika misheni. Cecil Majaliwa, mtumwa wa zamani aliyewekwa kuwa kasisi wa Kianglikana mwaka 1890, aliyabeba mawili pamoja.

Isidori akitaka mwenyewe jina jipya, ni hiari yake. Kumlazimisha ni jambo jingine, nalo halina fungu.

Kwa mjadala: Kama ungeketi na Isidori jioni hii, ungemwambia nini kuhusu ubatizo wake? Na kuhusu simu atakayompigia mama yake?